Frank Jobe, kiwiko cha Tommy John na kazi ya kuhesabu walioshindwa

(Haya ni maongezi niliyotoa kwa wanafunzi wa udaktari na wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) pamoja na makocha wachache. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, utani wa ukumbini tu ndo nimeutoa.)

Haya jamani, asanteni kwa kuja, huko nyuma mnanisikia? Poa. Naomba kila mtu ageuze mkono wa kushoto kiganja kiangalie juu, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, afu kunja kiganja kidogo kuja upande wako. Mnaona kuna kamba inanyanyuka chini ya ngozi pale katikati ya kifundo cha mkono? Hiyo ni kano ya msuli unaoitwa palmarisi longasi. Wengine hamna, naona dada pale anahangaika kuitafuta, usihangaike, haipo na hujapungukiwa kitu, watu wengi tu wanazaliwa bila huo msuli na wanaandika, wanachota maji, wanapiga ngumi kama kawaida. Ni kano ambayo mwili ukiikosa haulalamiki. Sasa leo nataka kuongelea daktari mmoja Mmarekani aliyeichukua kano hii kwenye mkono wa kulia wa mtu akaenda kuifunga kwenye kiwiko cha kushoto cha mtu huyohuyo, mwaka 1974, wakati hakuna aliyewahi kumfanyia mrusha mpira kitu kama hicho.

Mliniomba niongelee njia ya kuwa daktari mpasuaji wa majeruhi wa michezo. Upande wa shule sina mengi, miaka mitano ya MD, yaani shahada ya udaktari, mwaka wa intaniship, afu MMed, yaani ubingwa, ya mifupa, afu kama Mungu kajalia ukapata fellowship, mafunzo ya ziada, ya nje, hayo yote yapo kwenye prospektasi na mtayasoma wenyewe. Mi nataka tuangalie maisha ya mtu mmoja, Dokta Frank Jobe, kwa sababu ukiangalia alichofanya unaona tofauti kati ya daktari anayepasua vizuri na daktari anayefanya utafiti, na hiyo tofauti watu wengi wanadhani ni maabara na mashine, wakati mi naona kwa sehemu kubwa ni daftari na uvumilivu.

Jobe alizaliwa 1925 North Carolina. Hakuwa mtoto wa daktari wala nini. Vita vya pili vya dunia vikamkuta kijana, akapelekwa jeshini kwenye divisheni ya 101 ya askari wa miavuli, kazi yake ilikuwa sajenti wa stoo ya vifaa vya tiba, yaani bandeji, dawa, visu. Alikuwepo Bastogne, Ubelgiji, kwenye yale mapigano ya Desemba 1944, na inasemekana aliponea chupuchupu kuchukuliwa na Wajerumani. Kule ndiko alikoona madaktari wanapasua watu kwenye mahema mabomu yanadondoka nje, na huko ndiko wazo la udaktari lilipomkaa kichwani. Vita vikaisha, akaenda California, akasoma Loma Linda, akamaliza udaktari 1956, akafanya kazi ya daktari wa kawaida tu kwa muda, wa mafua na shinikizo la damu, ndipo akarudi tena darasani kusomea mifupa. Kwa hiyo nyie mnaoona miaka inakimbia, tulieni, huyu mzee mpaka anafungua kliniki na mwenzake Robert Kerlan pale Los Angeles, 1965, alikuwa anakaribia arobaini.

Kerlan ndo alikuwa daktari wa Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles. Sasa najua hapa besiboli sio mchezo wetu, wacha niseme kwa kifupi: kuna mtu anasimama katikati ya uwanja, wanamwita pitcha, kazi yake ni kurusha kampira kagumu kwa spidi ya kutisha ili mwenye gongo akakose. Anafanya hivyo mara 100 kwa mechi. Na wakati Jobe anaingia kwenye ile kazi, mrushaji bora kuliko wote wa Dodgers, Sandy Koufax, alistaafu mwisho wa msimu wa 1966 ana miaka 30 tu, kiwiko kimekwisha. Miaka ile mrushaji akisema kiwiko kinauma, alipewa barafu, sindano ya kotizoni, mapumziko, afu arudi ajaribu. Ikishindikana kazi imeisha, anaenda kuuza magari. Walikuwa wanasema tu mkono wake umekufa na maisha yanaendelea.

Hapa wanafunzi naomba msisinzie, maana hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Kiwiko kwa upande wa ndani, upande unaogusa mbavu ukisimama wima, kina ligamenti ndogo, yaani ukanda unaofunga mfupa na mfupa, inatoka kwenye mfupa wa juu wa mkono inakuja kushika mfupa wa alna, ule wa mkono wa chini. Mtu akirusha kwa nguvu, mkono wa chini unabaki nyuma wakati bega na kiuno vimeshatangulia, kwa hiyo kiwiko kinataka kufunguka kwa ndani, na kinachokizuia kisifunguke ni hiyo ligamenti. Baadaye sana, miaka ya 90, Glenn Fleisig na wenzake kule Birmingham, Alabama, walipima wakakuta mrushaji wa kulipwa anakitia kiwiko mzigo wa kama nyutoni mita 64 kila anaporusha. Sasa nenda kwenye kiwiko cha maiti, ivute ligamenti yenyewe peke yake, inakatika kwenye kama 32. Mnaona hapo? Kila mpira, kila mmoja, una nguvu ya kuikata ligamenti mara mbili, na kinachoiokoa ni misuli ya mkono inayobeba sehemu ya mzigo pamoja na mifupa inavyokaliana. Misuli ikichoka, ligamenti inabaki peke yake. Hicho ndicho nataka makocha mkibebe leo hata mengine yote mkiyasahau.

Na sio besiboli tu. Mwaka 1946 daktari wa Finland anaitwa Waris alishaandika kuhusu viwiko vya warusha mkuki. Sisi huku tuna warusha mkuki, Julius Yego wa Kenya alirusha mita 92.72 Beijing 2015 akawa bingwa wa dunia, kwa hiyo msije mkasema hii habari ni ya Wamarekani na magongo yao.

Turudi kwa yule mtu wa 1974, Tommy John. Julai 1974, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Dodgers, ana miaka 31, msimu anauona mzuri kuliko wakati wowote, ameshinda mechi 13 amepoteza 3. Tarehe 17 anarusha dhidi ya timu ya Montreal, mpira unatoka mkononi, kiwiko kinaachia. Akajaribu tena mpira mwingine, mambo yaleyale. Akatoka uwanjani mwenyewe. MRI, zile mashine za kupiga picha ya ndani ya kiungo, hazikuwepo, kwa hiyo Jobe alikuwa na mikono yake na eksirei. Wakampumzisha wiki kadhaa, akajaribu kurusha, mpira haufiki popote.

Jobe alikuwa anajua kitu kimoja ambacho madaktari wengi wa michezo hawakuwa wanakifikiria, kwamba wagonjwa wa polio mikono yao iliyopooza ilikuwa inatengenezwa kwa kuhamisha kano kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kano inashika, mwili unaikubali. Sasa kama kano inaweza kuhamia kwenye kidole, kwa nini isihamie kwenye kiwiko ikawa ligamenti? Ila kidole cha mgonjwa wa polio kinatakiwa kushika kijiko, kiwiko cha Tommy John kinatakiwa kurusha mpira spidi ya gari kwenye barabara kuu. Jobe akamwambia ukweli mtu wake, usipofanya kitu kurusha basi, ukifanya uwezekano ni kama mmoja kwenye mia. Nimeona madaktari wengi wakizungumza na wachezaji na naomba niwaambie, ni wachache wanaoweza kusema namba kama hiyo mbele ya mtu mashuhuri, wengi wetu tunasema "tutajitahidi" tunainama kwenye faili. John akakubali.

Tarehe 25 Septemba 1974, hospitali ya Centinela, Inglewood. Jobe alimwita daktari wa mikono Herbert Stark aje kusaidia, hakujifanya anajua kila kitu. Wakachukua kano ya palmarisi kutoka mkono wa kulia, wakatoboa matundu kwenye mfupa wa juu na kwenye alna, wakaipitisha ile kano kwenye matundu, inatoka huku inaingia kule, mpaka ikawa kama namba nane inayovuka kiungo, wakaikaza wakaifunga. Ili ufike pale lazima upite jirani kabisa na neva ya alna, ile ambayo ukigonga kiwiko kwenye meza unapigwa shoti mpaka kwenye kidole cha mwisho. Na hiyo neva ndo ikaleta balaa. John akaamka mkono umekufa ganzi, vidole vya mwisho vikaanza kujikunja vikawa kama makucha, kwa hiyo Desemba wakarudi tena thieta kuihamisha neva. Ligamenti mpya unayo, lakini mpira huwezi hata kuushika.

Neva inaota polepole sana, kama milimita moja kwa siku hivi, na hakuna dawa ya kuiharakisha, unasubiri. Msimu mzima wa 1975 John hakucheza mechi ya ligi, alikuwa anarusha, anapumzika, anarusha. Kurudi mechini ni Aprili 1976, mwaka ule akashinda 10 akapoteza 10, watu wakasema haya ni maajabu tayari. 1977 akashinda 20. Akaendelea mpaka 1989 ana miaka 46, na kati ya mechi 288 alizoshinda maishani, 164 ni za baada ya upasuaji. Yaani zaidi ya nusu. Mpaka leo ule upasuaji Marekani nzima unaitwa kwa jina lake, la mgonjwa, sio la daktari. Sisi madaktari tunapenda majina yetu kwenye vitu kwa hiyo hiyo nayo ni burudani kidogo.

Sasa daktari mwingine angefanya nini baada ya hapo? Simu zinaita, kila mrushaji mwenye kiwiko kibovu anataka na yeye. Jobe akangoja. Alitaka kuona kwanza huyu wa kwanza anaenda wapi, itashika mwaka mmoja au itashika miaka, kwa sababu mgonjwa mmoja aliyepona hajakuambia kitu bado, pengine yeye tu ana mwili wa ajabu. Wa pili, Brent Strom, alifanyiwa 1978, na yeye hakurudi tena ligi kuu kurusha, baadaye sana akaja kuwa kocha mzuri wa warushaji. Mnaona? Wa kwanza amekuwa lejendari, wa pili hakufanikiwa. Ukiwa na hao wawili peke yao unasemaje kwa wa tatu?

Ikapita miaka 12 toka upasuaji wa kwanza ndipo Jobe, Stark na mwenzao Lombardo wakatoa makala kwenye jarida la upasuaji wa mifupa la Marekani, 1986. Wanamichezo 16. Kumi walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, mmoja alirudi kiwango cha chini, watano wakaacha mchezo. Na wakaandika wazi kwamba neva ya alna imewasumbua. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa ilivyo fupi, kumi na sita tu, miaka kumi na mbili! Siku hizi kijana ana wagonjwa sita ameshatengeneza slaidi. Lakini angalia alichofanya, wale sita ambao hawakurudi kama zamani amewaweka mezani pamoja na wale kumi, na kwa sababu aliwaweka, wengine wakajua shida iko wapi: neva. Mwaka 1992 timu yake ikatoa makala kubwa zaidi, waliowekewa kano mpya asilimia 68 walirudi kiwango chao, walioshonewa tu ile ligamenti yao iliyochanika ilikuwa nusu. Na 2001 wakaonyesha njia ya kupitisha kisu katikati ya nyuzi za misuli bila kuikata na bila kuihamisha neva, matatizo ya neva yakapungua sana. Hilo suluhisho halikutoka kwenye viwiko vilivyopona, lilitoka kwa waliopata shida.

Kitu kingine, na hiki ni cha nyie wa fizio. Jobe hakukaa thieta tu. Pale Centinela kulikuwa na maabara ya mwendo, na mtu muhimu humo alikuwa Jacquelin Perry, mama mmoja aliyeanza kama fizio jeshini wakati wa vita, akaja kuwa daktari wa mifupa, bingwa wa kupima jinsi watu wanavyotembea. Walikuwa wanachoma vijiwaya vyembamba ndani ya misuli ya bega la mrushaji, moja moja, afu wanamwambia haya rusha, huku kamera ya spidi kubwa inamchukua. Fikiria wewe ni mwanamichezo wa kulipwa unachomwa waya begani afu unaambiwa tupa mpira kama kawaida! Lakini ndivyo walivyojua msuli gani unafanya kazi sekunde gani, 1983 na 1984 wakatoa matokeo, na baadaye wakakuta mrushaji wa kulipwa anachagua misuli ya bega ya kutumia, wakati wa ridhaa anakaza mingi zaidi. Wakaja wakapima gofu, wakapima kuogelea. Mazoezi mengi ya bega mnayowapa wagonjwa na zile raba za rangi, mizizi yake iko kwenye kazi ya namna hiyo.

Na Jobe mnamjua tayari ila hamjui kama mnamjua. Ule mtihani wa bega, unanyoosha mikono usawa wa mabega, unaileta mbele kidogo, vidole gumba vinaangalia chini kama unamwaga kopo, afu mwenzako anasukuma chini na wewe unazuia. Mnaufanya kila siku wodini. Huo ni wa Jobe, aliueleza na mwenzake Moynes 1982 kwa ajili ya supraspinatasi, msuli mdogo wa juu ya bega. Haya wawili wawili fanyeni sasa hivi, taratibu, usimvunje mwenzio.

Bega la Orel Hershiser, mrushaji mwingine wa Dodgers, nalo alilitengeneza Jobe, 1990, mwaka uliofuata jamaa akarudi kurusha. Hilo nalipita haraka kwa sababu bega ni mhadhara wa siku nyingine.

Ninachotaka kukaa nacho kidogo ni upande mbaya wa mafanikio. Upasuaji ukishajulikana kwamba unafanya kazi, watu wakaanza kuamini kwamba ukifanyiwa unarusha kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Sio kweli, kinachomwongezea mtu nguvu ni ule mwaka mzima wa mazoezi anayosimamiwa, miguu, kiuno, bega, vitu ambavyo alikuwa hafanyi. Lakini uchunguzi uliofanyika New York ukatoka 2012 ulikuta nusu ya vijana wa sekondari wanaocheza besiboli, asilimia 51, wanaona ni sawa kumfanyia upasuaji mtu ambaye kiwiko chake hakina tatizo ili acheze vizuri zaidi. Mtu hana ugonjwa! Kiwiko kizima! Na makala nyingine ya 2015 iliyoangalia Marekani ikakuta zaidi ya nusu ya upasuaji huu, kati ya 2007 na 2011, walifanyiwa vijana wa miaka 15 mpaka 19. Kitu kilichobuniwa kumwokoa mtu wa miaka 31 anayelipwa kwa kazi yake, sasa wanafanyiwa watoto wanaorusha mwaka mzima bila mapumziko kwa sababu baba anataka skolashipu.

Ndo maana daktari wa mifupa James Andrews na yule Fleisig, na taasisi yao ya Birmingham, hawakuishia kwenye kutengeneza viwiko, wakaingia kwenye kuhesabu mirusho. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani 2014 ikatoa mwongozo, mtoto wa miaka 9 au 10 asizidishe mirusho 75 kwa siku, na akishafika idadi fulani apumzike siku kadhaa kabla ya kurusha tena. Hakuna kisu hapo, hakuna mashine, kuna mtu amekaa pembeni na kalamu. Utafiti wa miaka yote hiyo, nyaya na kamera na maiti, ukaishia kwenye kazi ambayo hata dogo wa darasa la saba anaweza kufanya, na mi kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote ingawa haina hela.

Jobe alifariki Machi 2014, ana miaka 88. Mwaka mmoja kabla walimwita Cooperstown, kwenye makumbusho ya besiboli, wakamheshimu Tommy John akiwepo.

Huku kwetu, wengi wenu mtakutana na magoti kuliko viwiko, na goti la mpira wa miguu lenye ligamenti iliyokatika linatengenezwa kwa wazo lilelile, unachukua kano nyuma ya paja au mbele ya goti, unatoboa mifupa, unaipitisha, unasubiri mwili uigeuze iwe ligamenti. Na swali la kocha ni lilelile, "dokta, atarudi lini?" Kiwiko cha mrushaji ni mwaka na zaidi. Goti ukiniambia miezi mitano nitakuomba utoke ofisini kwangu. Lakini niulizeni pia, waliotengenezwa magoti hapa nchini, wangapi walirudi kucheza kiwango chao? Mchezaji akishatolewa nyuzi anarudi Sumbawanga au Lindi, namba ya simu inabadilika, basi tena. Kijana anayetaka kuwa Jobe wa hapa asianze na thieta, aanze na namba za simu. Piga mwaka wa kwanza, piga mwaka wa pili, uliza bado unacheza, uliza linauma, na yule anayekujibu kwa hasira kwamba goti halijapona ndo umwandike kwanza.

Maswali? Naam, kocha.

(Kocha mmoja wa riadha aliuliza kuhusu binti wake wa miaka 16, mrusha mkuki, kiwiko kinamuuma kwa ndani toka mashindano yaliyopita, na mashindano mengine yanakuja.)

Anarusha mara ngapi kwa wiki? Hujui. Sawa, sikulaumu, wengi hawajui. Kwanza leo asirushe, na asipewe sindano na mtu yeyote akarushe. Kukimbia akimbie, miguu na tumbo vifanye kazi, mkono upumzike. Vidole vya mwisho vinakufa ganzi? Muulize usiku huu, maana kama ni ndiyo simsubirishi. Mlete Jumatatu asubuhi tumpime, na njoo na daftari la mazoezi, kama hakuna daftari kaa naye chini mkumbuke pamoja mwezi uliopita, siku gani alirusha na kama mara ngapi, hata kwa kukadiria.